Majina ya wacheza msewe yamepotelea wapi? Milisho ya video na vituo vyetu vya jamii

#1 MtuWaKonde
Assalaam alaykum. Nina suala linaniuma, naomba wenye ujuzi wa mitambo na wasio nao wote wachangie.

Najitolea kwenye kituo kimoja kidogo cha jamii huku Pemba kaskazini. Tuna kamera moja, kompyuta moja na vijana wanne. Tulikwenda kurikodi ngoma ya msewe kijijini, kipindi cha dakika 28. Wazee walijiandaa kwelikweli: misewe imefungwa miguuni, ngoma zimeoteshwa moto mpaka zikaiva, akinamama wa kuitikia wamekaa upande wao. Mimi nilikaa na daftari nikaandika majina: sogora (mpiga ngoma mkuu) nani, manju (mtunzi na mwongozaji wa nyimbo) nani, waitikiaji ni akina nani, wimbo unamsema nani. Kurasa tatu.

Kipindi tukakipandisha kwenye tovuti, mlisho wetu wa RSS, yaani lile faili dogo la orodha ya vipindi linalosomwa na programu za wengine, ukatoka kama kawaida ili vituo wenzetu wakichukue. Viwili vikakichukua, kimoja Unguja na kimoja bara. Nikafurahi. Juzi kijana akanionesha kwenye simu kilivyotoka huko: "Ngoma ya asili, Zanzibar". Basi. Hakuna Pemba, hakuna kijiji, hakuna hata neno msewe. Picha ya mbele ni tairi la gari letu, kwa kuwa ndiyo picha ya mwanzo kamera ilipowashwa. Nikampelekea mzee wetu aliyeongoza. Akatazama mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaniuliza: "Mwanangu, mimi ndiyo nimekuwa asili?"

Sikuwa na jawabu. Nauliza nyinyi: majina yamepotelea wapi? Kwenye daftari, kwenye mlisho, au kwa waliopokea?

#2 FundiAntena
Waalaykum salaam. Kaka, bandika hapa kipande cha mlisho cha kipindi hicho. Bila ya kukiona tutapiga ramli tu.

#3 MtuWaKonde
Hichi hapa, anwani nimeificha.

title: Kipindi 14 FINAL mpya
description: Karibu utazame
pubDate: Fri, 03 Mar 2023 02:00:00 +0300
enclosure: length="28" type="video/mp4"
guid: 14

#4 FundiAntena
Ahsante. Sasa tazama mwenyewe: zile kurasa tatu za daftari ziko wapi humu? Hazimo. Hakuna aliyezifuta, hazikuingia tangu mwanzo. Aliyepokea kaona "Kipindi 14 FINAL mpya", hawezi kukirusha kwa jina hilo, kafungua video, kaona watu wanacheza ngoma, kaandika alichokijua.

Jengine, hiyo length si dakika. Pale panaandikwa ukubwa wa faili kwa baiti. Kipindi cha dakika 28 kilichobanwa kwa megabiti moja na nusu kwa sekunde ni kama megabaiti 315, kwa hiyo inatakiwa namba ya tarakimu tisa. Wewe umeiambia programu ya mwenzako kwamba faili lina baiti 28. Zipo programu zitakazoliona hilo ni faili bovu na kuliacha.

Lakini si kosa lako peke yako. RSS ilitengenezwa kwa ajili ya maandishi. Kiambatisho cha faili (enclosure) kiliingia mwaka 2000 na kinabeba vitu vitatu tu: anwani, ukubwa na aina. Hapana pahala pa sogora wala pa kijiji. Ndiyo maana Yahoo wakatoa Media RSS Desemba 2004, nyongeza inayokaa juu ya RSS ya kawaida. Baadaye ikaja mikononi mwa bodi ya ushauri ya RSS. Humo ndimo utakuta media:title, media:description, media:keywords ya maneno ya kutafutia, media:thumbnail ya kuchagua picha unayoitaka badala ya tairi, media:credit ya kutaja watu, media:copyright, media:license. Kile ulichokiandika daftarini karibu chote kina chumba chake humo.

Jawabu langu: majina yalibaki daftarini.

#5 Yakhe_Darajani
Yakhe, kabla hatujaenda mbali. Kipindi mmekirusha saa nane za usiku? Nani alikitazama, popo wa Kidike?

#6 MtuWaKonde
Laa! Kilirushwa usiku wa Ijumaa, saa mbili, baada ya Isha.

#7 MamaWaSkuli
Hapo pana makosa mawili kwa mpigo, na nayajua kwa sababu wanafunzi wangu huyafanya kila siku.

Mwanangu, wazee wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia jua la Alhamisi likishatua. Siku yetu inaanza magharibi. Kompyuta siku yake inaanza usiku wa manane. Na saa mbili yetu ya usiku kwake ni 20:00. Kwa hiyo kipindi chako kilirushwa Thu, 02 Mar 2023 20:00:00 +0300. Ulivyoandika wewe mlisho umekisogeza mbele saa sita. Anayepanga ratiba kwa kuufuata mlisho ataona kama kwamba kituo chenu kinatangaza watu wakiwa wamelala.

Na kama ni kipindi cha Maulid, iandikeni tarehe ya Mfunguo Sita kwenye maelezo kwa maneno, maana kile kisehemu cha pubDate kinajua kalenda moja tu. Mtu atakayetafuta Maulid ya mwaka fulani baada ya miaka kumi hatakumbuka mwezi wa Kizungu.

#8 BintiKizimkazi
Samahani FundiAntena, sikubaliani na wewe kwamba tatizo limeishia daftarini.

Sisi huku kusini tumehamia Media RSS zamani. Kipindi chetu cha wakulima wa mwani kilikuwa na watu tisa kwenye media:credit, mmoja mmoja, na kazi yake. Nimejaza mwenyewe, usiku, huku mwanangu ananilalia mapajani. Kikaguzi cha milisho kikapitisha bila ya kosa hata moja. Kituo kilichopokea kikakirusha na jina la kipindi tu. Nikapiga simu kuuliza. Kijana wa huko, muungwana kabisa, akaniambia programu yao inasoma vitu viwili: kichwa na anwani ya faili. Vilivyobaki inavipita kama havipo. Hata hakuwahi kujua kwamba kuna majina tisa.

Sasa mtu unajaza ya nini?

#9 FundiAntena
Bi dada, kule juu kwenye faili uliitangaza vipi hiyo Media RSS? Anwani ya tangazo ni http://search.yahoo.com/mrss/ na ule mkwaju (/) wa mwisho ni lazima. Ukiuacha, programu nyingi zinaona ni nyongeza nyengine isiyojulikana, na zinaipita kimya kimya bila ya kulalamika.

#10 BintiKizimkazi
Mkwaju upo, kaka. Nimesharudi kuutazama mara tatu. Programu yao ndiyo haisomi.

#11 MzeeWaSanturi
Nimewasoma nyote. Naona mnalaumu mashine.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye maktaba ya kanda za sauti. Kila kanda ilikuwa na boksi, na kila boksi lilikuwa na kadi: nani kaimba, nani kapiga udi, nani qanuni, siku gani, studio gani, dakika ngapi. Kanda isiyokuwa na kadi haitoki mlangoni, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni. Siti binti Saad na wenzake walipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurikodi, hakukuwa na kompyuta. Lakini santuri ina ile karatasi ya duara katikati, na jina la mwimbaji limechapwa pale. Sindano inazunguka na jina linazunguka. Huwezi kuvitenganisha ila uvunje santuri.

Vituo vyenu vya sasa havina mtu wa kadi. Kuna mpiga picha, kuna mhariri, kuna mtangazaji, na hakuna hata mmoja ambaye akilala bila ya kuandika majina atakosa usingizi. Mleteni mtu huyo kwanza, mtaona hata mlisho mbovu utabeba majina.

#12 KasaWaKojani
Mzee umesema kweli, lakini mtu huyo analipwa na nani? Sisi watatu wote ni wa kujitolea, na mmoja ni mvuvi, hewa ikiwa nzuri hatumuoni wiki nzima.

#13 Yakhe_Darajani
Kwa nini mnajisumbua? Pandisheni YouTube, kila chaneli ina mlisho wake tayari, umetengenezwa na wenyewe.

#14 FundiAntena
Upo, na ni mzuri kwa kujua kwamba video mpya imetoka. Lakini unaleta video 15 za mwisho tu, ya 16 imeshatoka mlishoni. Humo utakuta kichwa, maelezo, kijipicha na idadi ya waliotazama. Lugha hukuti. Sogora hukuti, ila kama umemwandika ndani ya maelezo kama hadithi, na mashine haiwezi kujua kwamba neno lile ni jina la mtu na lile ni la mtaa. Tena anayetaka kurusha hewani anahitaji faili lenyewe, na mlisho ule haukupi faili.

#15 KasaWaKojani
Kuhusu faili lenyewe nina la kuongeza, maana kwetu ndiyo shida kubwa kuliko majina. Bando la kupandisha gigabaiti mbili ni pesa ya chakula. Tunachofanya ni hivi: mlisho tunautuma kwa simu, ni kilobaiti chache tu hata mtandao ukiwa wa kusuasua unakwenda. Video inapanda boti bandari ya Mkoani ikiwa kwenye flashi, mfukoni mwa mtu tunayemwamini.

Mwanzo flashi ilikuwa ikifika na faili limekatika. Sababu ya kwanza, flashi nyingi za dukani zimepangwa kwa FAT32, na hiyo haipokei faili linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo saa nzima ya picha safi haiingii. Ya pili, mtu anaichomoa kabla haijamaliza kuandika. Siku hizi tunatumia media:hash. Ni kama muhuri: programu inapiga hesabu kwenye faili zima inatoa mfuatano wa herufi na namba, tunauweka mlishoni. Anayepokea flashi anapiga hesabu hiyo hiyo upande wake. Ikilingana, faili limefika zima. Isipolingana anatupigia kabla boti haijarudi.

Ndiyo maana nasema kwetu majina hayapotei kwenye mlisho. Yanapotea pale video inapotengana na mlisho wake. Mtu anaikopi kutoka kwenye flashi, anampa rafiki yake, rafiki anaituma kwenye grupu la simu, inabanwa upya na kupewa jina la tarakimu na tarehe. Kuanzia hapo ni yatima.

#16 BintiKizimkazi
Hili la yatima limenigusa. Sisi siku hizi majina tunayaandika pia kwenye picha, mwisho wa kipindi, sekunde 20. Ila wanaopokea huzikata hizo sekunde ili waingize tangazo lao.

Kuhusu bando: tumieni media:group. Kipindi kimoja, ndani yake unaweka matoleo mawili au matatu ya faili, kubwa kwa kituo cha kurusha na dogo kwa mwenye simu, kila moja na upana wake, ukubwa wake na muda wake kwa sekunde. Maelezo ni yale yale kwa yote. Ami yangu yuko Muscat anaangalia toleo kubwa, mama yuko Kizimkazi anaangalia dogo, wote wanasoma majina sawa.

#17 Ummu_Tumbe
Mimi nauliza la lugha, na naomba msilione dogo.

Mlisho wenu umeandika lugha gani? Wengi hawaandiki, na programu nyingine ikikuta pengo inachukulia ni Kiingereza. Ukiandika sw umesema Kiswahili, vizuri. Kuna na alama ndefu za herufi tatu: swa ni mwavuli wa wote, swh ndiyo Kiswahili chetu cha pwani hii, swc ni cha Kongo. Lakini bibi yangu akisimulia hadithi anasema ntoto, ntu, nti. Kituo kimoja kilichochukua hadithi yake kikaandika maandishi ya chini, na kila ntoto ikawa mtoto. Aliyeandika alidhani anamsaidia bibi. Mimi nilihisi kama mtu kamvua bibi yangu kanga yake kamvisha ya mwengine.

Kuna njia ya kuandika sw-TZ-x-kipemba. Hiyo x maana yake yafuatayo ni makubaliano yetu wenyewe. Programu isiyojua itasoma sw na kuendelea, hakuna kitakachoharibika. Lakini anayejua atajua kwamba maneno yale si makosa, asiyaguse.

#18 MamaWaSkuli
Ummu, Allah akuzidishie. Kipemba, Kitumbatu, Kimakunduchi, vyote watoto wanavisikia nyumbani na skuli tunavifuta kwa wino mwekundu. Sikupata kufikiria kwamba na mashine inafuta.

Nami nichangie kidogo. Kuna mpangilio unaitwa Dublin Core, wa maktaba, una vipengele 15: kichwa, mtunzi, mada, mahali, tarehe, lugha, haki na kadhalika. Ulianzia Dublin ya Ireland. Unaingia ndani ya RSS bila ya taabu, na kwa kituo kidogo naona unatosha.

#19 BintiKizimkazi
Mwalimu wangu, nikusahihishe kwa heshima: ni Dublin ya Ohio, Marekani. Walikutana huko 1995. Mengine yote ni kama ulivyosema. Kasoro yake ni kwamba ana mtunzi, mchangiaji na mchapishaji, basi. Sogora, manju na bi anayeitikia wote watakuwa wachangiaji.

#20 MamaWaSkuli
Ahsante binti yangu. Kumbe Dublin nazo ziko zaidi ya moja.

#21 Mchwaka
Na Chwaka nazo ziko mbili! Mimi ni wa Chwaka ya Unguja, na kila siku napata vipindi vya magofu ya Chwaka ya Pemba kule Tumbe kwa sababu mtu kaandika "Chwaka" peke yake kwenye keywords. Na jaribu kutafuta mji wa Mkoani uone. Kila habari ya bara iliyoandikwa "mkoani Dodoma", "mkoani Mbeya" inakumiminikia.

Andikeni alama za mikoa, zipo za kimataifa: TZ-06 Kaskazini Pemba, TZ-10 Kusini Pemba, TZ-07 Kaskazini Unguja, TZ-11 Kusini Unguja, TZ-15 Mjini Magharibi. Tulijaribu pia kuweka nukta za ramani. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza inaanza na alama ya kutoa. Kijana akaisahau, kipindi cha Wete kikajitokeza kwenye ramani kusini mwa Ethiopia. Kilikuwa ni kipindi cha karafuu.

#22 KasaWaKojani
Karafuu Ethiopia! Na mwenzangu hapa kwenye uzi huu bado anatafuta msewe wake.

#23 Wakili_Mkunazini
Nimekuwa kimya makusudi. Nadhani nyote mnazunguka mbali na palipo na moto.

Majina hayapotei kwa bahati mbaya. Ukiweka jina la manju kwenye media:credit na masharti ya matumizi kwenye media:license, aliyepokea hawezi tena kusema hakujua. Akikirusha pamoja na tangazo la sabuni, kuna mtu wa kuulizwa na kuna mtu wa kulipwa. "Ngoma ya asili" haina mwenyewe, kwa hiyo haimdai mtu. Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe ya hakimiliki ya mwaka 2003 na tuna COSOZA, jumuiya ya hakimiliki ya Zanzibar. Lakini utakwenda kudai nini ikiwa mlisho wako mwenyewe haukutaja mtu?

Na upande wa pili, msijaze tu kwa kuwa chumba kipo. Kuna ngoma za uganga ambazo mgonjwa hapaswi kutajwa. Kuna bi mkubwa ambaye yuko radhi kuitwa Mama Khamis na hayuko radhi jina lake kamili litembee duniani. Mlisho ukishatoka umetoka, waliouchukua huwezi kuwafuata mmoja mmoja. Muulizeni mtu kabla, na jawabu lake liandikeni.

#24 BintiKizimkazi
Wakili, yule kijana niliyempigia hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Programu yake ni kipofu tu. Si kila kitu ni hila.

#25 Wakili_Mkunazini
Kijana hana hila. Aliyechagua programu isiyosoma majina, na akaridhika nayo miaka yote hiyo, huyo ndiye ninayemuuliza.

#26 MzeeWaSanturi
FundiAntena, nijibu hili. Hiyo media:credit inataka useme kazi ya mtu. Sogora inamwitaje?

#27 FundiAntena
Mzee wangu, orodha ya kazi inayotumika kama hukusema kitu ni ya umoja wa watangazaji wa Ulaya. Utakuta mtayarishaji, mwongozaji, mtunzi, na wengine wengi wa studio. Sogora hayumo. Lakini kuna kisehemu kinaitwa scheme, pale unataja kwamba unatumia orodha nyengine, na orodha hiyo unaweza kuwa nayo wewe. Vituo vyetu vikikubaliana maneno ishirini tu, sogora, manju, mwitikiaji, mghani, mpiga zumari, na kila mmoja akayaandika kwa tahajia moja, yatasomeka kote.

#28 MzeeWaSanturi
Basi hiyo orodha nitaiandika mimi. Nipeni wiki mbili, kwa mkono, mjukuu ataichapa. Ya msewe, ya kibati, ya taarabu, kila moja mbalimbali, maana manju wa kibati anajibizana papo kwa papo na kazi yake si sawa na ya mwengine.

#29 MtuWaKonde
Jamani nimerudi. Usiku kucha niko kwenye kompyuta. Nimejaza kila kitu mlichosema, nikapandisha, na sasa mlisho wote umekufa. Si kipindi cha 14 tu, vyote. Msaada tafadhali, kituo cha Unguja wameshapiga simu.

#30 FundiAntena
Tulia kaka. Kikaguzi kinasema mstari gani?

#31 MtuWaKonde
Mstari wa 9 na wa 41. Wa 9 ni jina la mfululizo, "Mila & Desturi". Wa 41 ni keywords za kipindi cha mchezo wa ng'ombe, nimeziweka kama label='ng'ombe'.

#32 FundiAntena
Zote mbili ni za kila siku. Alama ya & kwenye XML, lugha inayoandikiwa milisho, ina kazi yake maalumu, haiwezi kukaa uchi. Andika & au, bora zaidi, andika "Mila na Desturi". Kwenye ng'ombe umefungua kwa alama moja ya juu, halafu ng' yenyewe ikaifunga katikati ya neno, mashine ikabaki na "ombe" isiyojua iweke wapi. Tumia alama mbili mbili za nje: "ng'ombe". Na ukikopi kutoka kwenye waraka ule mkato wa ng' huja ukiwa umepinda, na kwa kompyuta uliopinda na ulionyooka ni herufi mbili tofauti. Anayetafuta kwa mmoja hampati mwenye mwengine. Chagueni ulionyooka mshike huo huo.

Jengine: keywords zisizidi kumi hivi. Mtu akiweka arubaini hakuna hata moja yenye uzito.

#33 MtuWaKonde
Umefufuka! Ahsante sana. Na guid nimezibadilisha zote ziwe ndefu na nzuri.

#34 Yakhe_Darajani
Kumbe ni wewe! Simu yangu imepokea vipindi vyako vyote 14 upya alfajiri hii. Mke wangu kauliza kuna msiba gani.

#35 FundiAntena
Kaka, guid ndiyo kitambulisho. Ukiibadilisha, kwa kila anayepokea hicho ni kipindi kipya. Umeshafanya, usirudishe za zamani tena, wapo watakaovipata mara ya tatu. Kuanzia sasa usiziguse kabisa, hata ukisahihisha maelezo mara mia.

#36 KasaWaKojani
Nje ya mada: hicho kipindi cha mchezo wa ng'ombe ni cha wapi? Baba yangu alikuwa akitusimulia, na mimi nimeuona mara moja tu nikiwa mdogo juu ya bega lake.

#37 MtuWaKonde
Nitakutumia kwa boti, na muhuri wake.

Sasa nirudi kwenye msewe. Kipindi cha 14 kimetoka upya: jina la ngoma, kijiji, TZ-06, sw-TZ-x-kipemba, picha ya mbele ni mguu wa mzee na misewe yake. Kituo cha Unguja wamebadilisha kichwa chao leo asubuhi. Cha bara bado kinaonesha "Ngoma ya asili", sijui kama ni programu yao au ni mambo ya Wakili. Nimewapigia, wamesema watatazama.

Lakini kuna jambo limenikosesha raha. Nilipokuwa nahamisha majina kutoka daftarini nimehesabu waitikiaji saba kwenye picha, na majina niliyonayo ni sita. Wa saba nimemwandika "mama wa kanga ya kijani". Nilidhani nitamuuliza tukimaliza, mvua ikanyesha, watu wakatawanyika. Nimerudi kijijini, wanasema alikuja na jamaa zake siku ile, si wa pale. Sauti yake ndiyo inayobeba wimbo kuanzia dakika ya 11. Nimeacha pengo kwenye mlisho, sikutaka kubuni.

#38 Ummu_Tumbe
Nimeitazama dakika ya 11 mara mbili. Anayeshika ncha ya kanga kwa mkono wa kushoto akipandisha sauti, ndiye? Sura siioni sawasawa, lakini sauti hiyo nimeisikia kwenye arusi za kwetu. Subiri nimpigie mama.